Asilimia 95 ya Nini?

Katika vikao vya bajeti vya Bunge la Tanzania kuna sentensi ambayo haikosekani. Waziri anafungua kurasa za miradi na kuisoma mmoja baada ya mwingine: barabara hii utekelezaji umefikia asilimia 62.4, daraja lile asilimia 81, jengo la chuo asilimia 37. Desimali inaipa namba heshima ya kitaalamu, wabunge wa eneo husika wanagonga meza, waziri anageuza ukurasa. Ni nadra kumsikia mtu akisimama kuuliza: asilimia 62.4 ya nini? Ya kilomita? Ya fedha zilizolipwa? Ya muda wa mkataba? Na kufikia leo ilitakiwa iwe ngapi?

Maswali hayo wala si ya ubishi. Wanaosimamia mikataba mikubwa wameyauliza kwa zaidi ya miaka 60, na njia ya kuyajibu ipo. Haihitaji hesabu ngumu kuliko ya darasa la saba. Ugumu wake uko kwingine kabisa, nami nitaufikia.

Tuchukue kwanza mfano wa kubuni. Barabara ya lami ya kilomita 100, mkataba wa shilingi bilioni 100, muda wa miezi 20. Tujifanye kila kilomita ina gharama sawa, ingawa kila mhandisi anajua kuwa kilomita yenye daraja na kilomita ya tambarare hazikai mezani pamoja. Mwezi wa kumi umeisha. Kwa ratiba, kilomita 50 zingekuwa tayari. Zilizo tayari ni 40, na fedha zilizotumika ni shilingi bilioni 48.

Mhasibu anayetazama bajeti peke yake atafurahi: tulipanga kutumia bilioni 50, tumetumia 48. Mhandisi anayetazama ratiba peke yake atasema tumebaki nyuma kilomita kumi, kiangazi kikifika tutazifidia. Waziri atasoma asilimia 40. Wote watatu wamesema kweli, na hakuna aliyeliona tatizo. Kazi iliyokwisha kufanyika, kwa bei ya mpango, ina thamani ya bilioni 40, lakini imekula bilioni 48. Kila shilingi 100 iliyotoka imezaa kazi ya shilingi 83 tu. Mwendo huo ukiendelea, barabara ya bilioni 100 itaishia bilioni 120, na miezi 20 itakuwa 25.

Kiini cha mbinu nzima ni hicho. Unahitaji namba tatu kwa pamoja: thamani ya kazi iliyopangwa kufikia leo, thamani ya kazi iliyofanyika kweli, na fedha iliyotumika kuifanya. Namba ya kati ndiyo inayokosekana katika taarifa nyingi, kwa sababu bajeti huiona ya kwanza na ya tatu, ratiba huiona ya kwanza peke yake, na ya kati inamtaka mtu aende eneo la mradi akapime.

Mbinu hii ilizaliwa jeshini Marekani. Mwaka 1958 Jeshi la Majini lilibuni mtandao wa kupanga kazi kwa ajili ya makombora ya Polaris, lakini mtandao ule ulifuatilia muda tu. Miaka michache baadaye Jeshi la Anga, likiwa katikati ya mradi wa makombora ya Minuteman, likaunganisha muda na fedha. Desemba 1967 Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, ikaandika vigezo 35 ambavyo mkandarasi mkubwa alipaswa kuvitimiza katika mfumo wake wa hesabu ili aaminiwe. Vigezo hivyo baadaye vikapunguzwa hadi 32, na mwaka 1998 vikawa kiwango rasmi cha viwanda. Leo wizara na mashirika mengine ya Marekani yanavitumia, na vyuo vya usimamizi wa miradi duniani, vya kwetu vikiwemo, vinavifundisha.

Mtu angetarajia kwamba nchi yenye kipimo kama hicho isingeshtukizwa na mradi wake yenyewe. Kisa cha ndege ya A-12 kinaonyesha kwa nini ilishtukizwa.

A-12 ilikuwa ndege ya kushambulia ya Jeshi la Majini, ya kuruka kutoka kwenye meli, yenye umbo la pembetatu na iliyokusudiwa isionekane kwenye rada. Januari 1988 kampuni za General Dynamics na McDonnell Douglas zilipewa kwa pamoja mkataba wa kuitengeneza, wenye lengo la takriban dola bilioni 4.4 na kikomo cha takriban bilioni 4.8. Ingeruka mara ya kwanza Juni 1990. Taarifa za gharama na ratiba zilikuwa zikija kila mwezi, zikiwa na namba zote tatu. Wachambuzi wa gharama waliozisoma waliona kinachokuja: mapema mwaka 1990 ofisini kwa Waziri wa Ulinzi kwenyewe kulikuwa na onyo kwamba ziada ingefika dola bilioni 1 na kazi ingechelewa kwa mwaka hivi. Onyo hilo halikupanda ngazi. Usimamizi wa mradi ulikuwa na makadirio kadhaa mkononi, ya juu na ya chini, na yaliyopelekwa mbele yalikuwa yale yanayofariji. Aprili 26, 1990, Waziri Dick Cheney alisimama mbele ya Bunge la Marekani akaitetea A-12 kama mradi unaokwenda vizuri. Juni 1 makandarasi wakakiri kwamba watavuka kikomo cha bei kwa kiasi wasichoweza kukibeba.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Uchunguzi wa Jeshi la Majini uliokamilika Novemba mwaka huo haukukuta amri ya mtu yeyote ya kuficha ukweli. Ulikuta mazoea: meneja anayeleta habari mbaya huhesabiwa kuwa ndiye mbaya, kwa hiyo kila ngazi iliipunguza makali habari ile kabla ya kuipandisha juu. Maofisa wa Jeshi la Majini wakaadhibiwa na mkuu wa ununuzi wa Pentagon akajiuzulu. Januari 7, 1991 Cheney akaufuta mradi. Mabilioni yalikuwa yameshatumika na hakuna ndege hata moja iliyokabidhiwa. Kesi ya nani amlipe nani ilifika hadi Mahakama ya Juu mwaka 2011, ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2014, miaka 23 baada ya mradi kufa.

Kutokana na sakata lile, somo moja la takwimu lilipata umaarufu. Wachambuzi wa Pentagon walikuwa wamepitia mamia ya mikataba tangu 1977 na kuona kwamba ikishavuka kati ya asilimia 15 na 20 ya kazi, ziada iliyokwisha kuonekana haipungui tena hadi mwisho. Aliyeanza kwa kupata kazi ya shilingi 83 kwa kila 100 hamalizi kwa kupata ya 100. Matokeo yale yalitokana na mikataba ya kijeshi ya nchi moja, na wapo waliohoji kama yanafaa kila mahali. Hata hivyo yanatosha kumtilia shaka kila anayesema “tutafidia mbele”. Ukisikia ahadi hiyo mradi ukiwa robo ya safari, mwombe akutajie kitu kilichobadilika: mitambo imeongezwa, mkandarasi mdogo ameondolewa, usanifu umerahisishwa? Kama hakuna kilichobadilika, ahadi hiyo ni dua.

Tukirudi kwetu, lazima nitoe angalizo ambalo walimu wa somo hili hulipita haraka. Mbinu ya Wamarekani ilikua kwenye mikataba ambayo serikali inamrudishia mkandarasi gharama zake, kwa hiyo mkandarasi anafungua vitabu. Mikataba yetu mingi ya barabara, inayofuata mtindo wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, haiko hivyo. Bei ya kila kazi imekubaliwa, kazi inapimwa, mhandisi mshauri anaidhinisha hati ya malipo, mshitiri analipa. Gharama ya ndani ya mkandarasi ni siri yake. Akipata hasara kwenye kila kalavati, serikali haitajua mpaka siku mitambo itakapoanza kuondoka kambini usiku. Kunakili fomula tu, basi, hakutoshi. Kwa upande wa serikali, namba ya tatu haiko kwenye vitabu vya mkandarasi. Iko kwenye hati za malipo, mabadiliko ya kazi yaliyoidhinishwa, marekebisho ya bei, madai na riba.

Humo ndimo asilimia inamopikwa. Kaa kwenye kikao cha mwezi cha mradi wa barabara, kwenye kontena lenye feni iliyochoka, usikilize. Kazi zimeorodheshwa na bei zake: kambi na usafirishaji wa mitambo, kusafisha njia, tuta, makalavati, tabaka za kokoto, mwishoni lami, alama na taa. Mkandarasi mjanja, siku ya zabuni, alipandisha bei za kazi za mwanzo na kushusha za mwisho huku jumla ikibaki ileile ya ushindani. Matokeo yake tuta likikamilika ameshachukua sehemu kubwa ya fedha. Taarifa ya maendeleo inayotokana na malipo itasema asilimia 55, na mwananchi anayepita hapo anaona vumbi. Kisha fedha inayobaki haitoshi kumvutia mtu yeyote kuja kumwaga lami. Mradi unaganda kwenye asilimia 70 mwaka mzima, na kwenye kikao kila mtu anasingizia mvua.

Mfano mwingine ni mkubwa na hauhitaji ujanja wa mtu yeyote. Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ulisainiwa Desemba 12, 2018 na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kwa shilingi trilioni 6.55. Mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Ulitakiwa kukamilika Juni 2022. Kujaza maji kulianza Desemba 22, 2022, na mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi ya taifa Februari 2024. Wakati huo mradi ulitajwa kuwa umevuka asilimia 95. Mtambo mmoja kati ya tisa, hata hivyo, ni asilimia 11 ya umeme uliokusudiwa. Mitambo yote ilikamilika mwaka 2025.

Hapo hakuna aliyedanganya. Tuta la zege, mahandaki na jengo la mitambo ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya uzito wa kazi, kwa hiyo asilimia 95 ya ujenzi na asilimia 11 ya umeme zinaweza kuwa kweli siku moja. Ila mwenye kiwanda aliyekuwa akikabiliana na mgao wa umeme alisikia 95 akapanga mambo yake kwa 95. Kipimo kilichomhusu yeye kilikuwa cha pili, na hakikusomwa kwa sauti ileile.

Reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilituonyesha sura nyingine ya jambo hilo. Mkataba wa mwaka 2017 na Yapi Merkezi na Mota-Engil ulikuwa wa miezi 30, ambayo ingeishia mwaka 2019. Kwa muda mrefu kipande hicho kiliendelea kutajwa kuwa kimevuka asilimia 90, na abiria wa kwanza wakapanda Juni 14, 2024. Sababu moja ni kwamba mkataba na mradi ni vitu viwili. Mkandarasi wa njia anapimwa kwa tuta, mataruma, reli na nyaya; vichwa na mabehewa vilikuwa na mikataba yake, na ule wa Hyundai Rotem wa Korea Kusini ulisainiwa mwaka 2021, baada ya tarehe ambayo treni ilitakiwa iwe imeshaanza. Anayefuatilia mkataba mmoja mmoja anaweza kuwa na majedwali safi kabisa huku kitu kizima hakisogei. Ndiyo maana wazoefu hutengeneza ratiba moja inayofunga mikataba yote, na hutazama zaidi maungio: nani anamsubiri nani.

Kuna upande mmoja wa mkataba ambao taarifa za serikali hupenda kuuacha nje: serikali yenyewe. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) wa Tanzania ameandika mara kwa mara kuhusu riba inayodaiwa na makandarasi kwa sababu hati zao zimekaa bila kulipwa. Kenya nako makandarasi wa barabara waliacha kazi nusu katika kaunti nyingi wakidai mabilioni ya shilingi, hadi mwaka 2025 serikali ikaamua kukopa kwa dhamana ya sehemu ya tozo ya mafuta ili iwalipe. Ucheleweshaji wa aina hii una bei mbili: riba inayoonekana, na bei ambayo makandarasi watapandisha kwenye zabuni ijayo wakijua watalipwa wakichoka. Msimamizi makini angeweka kwenye ukurasa uleule wa maendeleo safu moja inayosema hati ya malipo inakaa siku ngapi kabla ya kulipwa. Kwa maoni yangu safu hiyo ingeeleza kuchelewa kwa barabara nyingi kuliko taarifa zote za hali ya hewa.

Sasa kuna hila ambayo si ya Afrika Mashariki peke yake: kuhamisha goli. Mradi umechelewa, mkandarasi anapewa nyongeza ya muda, ratiba mpya inaandikwa, na kuanzia hapo mradi “unakwenda kwa mujibu wa ratiba”. Nyongeza nyingi zina sababu halali, mathalani kuchelewa kulipa fidia kwa wananchi au usanifu uliobadilika, na mkataba unaruhusu. Kosa ni kuifuta tarehe ya kwanza isionekane tena. Wamarekani walijifunza hili kwa gharama. Sheria yao ya mwaka 1982 inayoitwa Nunn-McCurdy inalazimisha Bunge lijulishwe gharama ya silaha moja ikivuka viwango fulani vya ongezeko. Wasimamizi wakaanza kuandika upya makisio ya msingi, na ongezeko likawa linatoweka kwenye karatasi. Mwaka 2006 sheria ikarekebishwa: ongezeko lipimwe pia dhidi ya makisio ya kwanza kabisa, na likizidi asilimia 50 ya hayo, au asilimia 25 ya makisio ya sasa, Waziri wa Ulinzi athibitishe kwa maandishi kwa nini mradi uendelee; tangu 2009 mradi huhesabiwa umekufa asipofanya hivyo.

Sheria hiyo imegusa hivi karibuni mradi wa Sentinel, kombora linalokusudiwa kuchukua nafasi ya Minuteman, kombora lilelile ambalo mbinu hii ya kupima ilikulia kwake. Januari 2024 Jeshi la Anga liliarifu Bunge kwamba gharama imepanda kwa asilimia 37. Julai mwaka huohuo ikawa asilimia 81, jumla ikikadiriwa dola bilioni 140.9. Kombora lenyewe si chanzo kikubwa cha ongezeko; chanzo ni mahandaki ya kurushia, vituo vya amri na maelfu ya kilomita za nyaya ardhini, yaani ujenzi wa kawaida ambao makisio ya mwanzo yaliuchukulia kirahisi. Mradi ulithibitishwa uendelee.

Kwa hiyo kipimo hakizuii hasara. Kinawahi kuitangaza, iwapo anayekisoma ana ruhusa ya kusema. Pia hakijui kama bei ya mwanzo ilikuwa ya haki. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa Mei 31, 2017, mapema kuliko mkataba ulivyotaka. Kwa ratiba ilifanya vizuri ajabu, lakini mjadala mkali kuhusu bei yake ya takriban shilingi bilioni 327 za Kenya na uwezo wake wa kulipa mkopo wa China haujaisha hadi leo. Bwawa la Kimwarer lilifutwa na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2019 baada ya kamati ya wataalamu kukuta bei imepandishwa na upembuzi yakinifu hautegemeki, na malipo ya awali yalikuwa yameshatoka. Jedwali la maendeleo lisingesaidia pale, kwa kuwa msingi wenyewe ulikuwa mbovu. Mtafiti Bent Flyvbjerg, aliyekusanya takwimu za miradi zaidi ya 16,000 duniani, anasema ni asilimia 8.5 tu iliyotimiza bajeti na muda kwa pamoja. Ushauri wake ni kwamba kabla ya kukisia mradi wako, tazama miradi kama huo iligharimu kiasi gani kwingine, halafu uache kujidanganya kwamba wako ni wa pekee.

Kuna dosari moja ya kihesabu nayo ijulikane, hasa na wanahabari. Kipimo cha ratiba kinacholinganisha thamani ya kazi iliyofanyika na iliyopangwa hurudi kwenye moja kamili mradi unapoisha, hata ukiisha miaka mitano baadaye, kwa kuwa mwishowe kazi yote iliyopangwa imefanyika. Walt Lipke, Mmarekani aliyefanya kazi na Jeshi la Anga, aliieleza dosari hii mwaka 2003 akapendekeza tupime kwa muda wenyewe: kazi tuliyonayo leo ilitakiwa iwe imefikiwa mwezi gani? Barabara yetu ya mfano, yenye kilomita 40 mwezi wa kumi, iko mahali ilipotakiwa kuwa mwezi wa nane. Imechelewa miezi miwili. Hapo hata asiyejua hesabu anaelewa, na kuchelewa huko hakuwezi kujificha kadiri mwisho unavyokaribia.

Wabunge wa Dodoma, na wenzao wa Nairobi, hawahitaji sheria mpya ili waanze. Kamati za hesabu za serikali zina mamlaka ya kudai taarifa kwa muundo zinaoutaka. Zidai kwamba kila mradi unaozidi kiwango fulani cha fedha usomwe kwa mstari mmoja wenye tarehe ya kwanza ya kukamilika na ya sasa, bei ya kwanza na ya sasa, kazi iliyopimwa dhidi ya iliyopangwa kufikia mwezi huo, fedha iliyolipwa, deni lililoiva pamoja na riba yake, na huduma ambayo mwananchi ameshaanza kuipata. Na mhandisi wa mkoa atakayeandika kwenye mstari huo kwamba mradi wake umekwama, abaki na kazi yake.